Kabla ya Kupiga Bomba

Mzee amelala kitandani tangu apatwe na kiharusi. Siku sita hajapata choo, na siku ya saba shuka linaanza kuchafuka: choo chepesi, kidogo kidogo, mchana na usiku. Nyumbani wanasema baba anaharisha, na mtu anatumwa duka la dawa akanunue vidonge vya kuzuia. Muuguzi yeyote aliyewahi kuhudumia wazee, awe Bombo pale mjini Tanga, Pangani au Korogwe, akisimuliwa habari hiyo atashuku jambo jingine kabisa. Huenda mzee haharishi. Choo kigumu kimejazana kwenye puru, kimeziba njia, na kile chepesi kinapenya pembeni. Vidonge vya kuzuia vitamfunga zaidi. Anachohitaji ni kulainishiwa na kuondolewa kilichokwama, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa bomba, au enima kama inavyoandikwa kwenye faili.

Watu wengi huliona bomba kuwa ni usafi tu: maji yanaingia, uchafu unatoka, basi. Mimi nalihesabu ni dawa. Lina sababu yake, kipimo chake na madhara yake, na madhara mengi niyajuayo yanatokana na mtu kulifanya bila kuuliza kwanza.

Muuguzi makini hakimbilii kopo na mrija. Anasoma kwenye faili daktari ameandika bomba la aina gani na kiasi gani, kisha anamgeukia mgonjwa. Choo cha mwisho kilikuwa lini? Upepo unatoka? Umetapika? Una ngiri? Umewahi kupasuliwa tumbo, na lini? Moyo je, figo je? Unatumia dawa gani? (Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hufunga choo, na vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito hukifanya kigumu.) Halafu anaweka mkono tumboni.

Majibu ndiyo yanayoamua. Mtu asiyetoa choo wala upepo, anayetapika na tumbo limetuna, huenda utumbo wake umejisokota, au ngiri imekwama. Ukimwongezea maji unaongeza shinikizo ndani ya utumbo ambao pengine umebakiza kidogo upasuke. Mwenye maumivu yaliyoshuka upande wa kulia chini huenda ana kidole tumbo. Hao wote ni wa daktari wa upasuaji, na bomba linasubiri. Aliyepasuliwa utumbo karibuni naye asiguswe bila idhini ya aliyempasua. Kwa mgonjwa wa moyo kuna hatari isiyoonekana: puru ikisisimuliwa, neva inayopunguza mapigo ya moyo huamka, na mtu anaweza kulegea au kuzimia papo hapo.

Tukija kwenye maji yenyewe, aina ni nyingi, lakini kwa kazi zinagawanyika makundi mawili makubwa: za kutoa choo, na za kubaki ndani.

Ya kutoa choo inayojulikana zaidi ni ile ya maji mengi, nusu lita hadi lita moja kwa mtu mzima. Utumbo ukijaa hutanuka, ukitanuka husukuma. Maji matupu hufanya kazi hiyo vizuri mara moja. Yakirudiwarudiwa, mwili huyafyonza na chumvi ya damu hushuka. Mgonjwa anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, mwisho anaweza kupata degedege. Kwa sababu hiyo, hata pale daktari anapoandika «mpaka yatoke meupe», muuguzi hapaswi kuvuka mara tatu bila kumrudia daktari. Maji ya chumvi ya hospitali, yale yale ya dripu, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, ni salama zaidi kwa kuwa yanalingana na maji ya mwilini. Watoto, ikibidi, ndiyo wanayopewa, kwa kipimo kinachoendana na uzito wao. Sabuni ilitumika sana zamani, sabuni laini maalumu, mililita 5 tu ndani ya lita nzima. Siku hizi tunaiepuka, maana inaunguza utando wa utumbo.

Halafu kuna vichupa vidogo vilivyotengenezwa tayari. Cha gliserini hulainisha na kusisimua. Cha fosfeti, takriban mililita 130 kwa mtu mzima, huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza kwenye utumbo, na ndani ya dakika chache mtu anatafuta choo. Udogo wa kichupa hiki unadanganya. Fosfeti ikifyonzwa kwa wingi hushusha kalisi kwenye damu, na kalisi ikishuka moyo hupoteza mpangilio. Figo nzima huiondoa; figo mbovu haiwezi. Ndiyo maana hakipewi mtoto wa chini ya miaka 2, na mzee au mgonjwa wa figo hapewi bila daktari kuamua. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya dawa hizi baada ya kupokea taarifa za vifo, vingine vya watu waliozidisha dozi ndani ya siku moja. Ukienda kukinunua dukani, sema kwanza kama una ugonjwa wa figo au shinikizo la damu. Muuzaji huenda asikuulize.

Za kubaki ndani ni za taratibu zaidi. Mafuta, mililita 150 hadi 200, huachwa nusu saa au zaidi ili yalainishe choo kilichokauka. Mengine ni ya karanga, kwa hiyo muuguzi anauliza kama mgonjwa anadhurika na karanga. Zipo za dawa za vidonda vya utumbo mpana, na ya laktulosi kwa mgonjwa wa ini aliyeanza kupoteza fahamu. Humu humu namweka mtoto mwenye degedege. Mishipa haionekani, mtoto anatikisika, na kumchoma sindano ni shida. Muuguzi huvuta diazepamu ya nusu miligramu kwa kila kilo ya mtoto, anaondoa sindano, anaingiza ncha ya bomba la sindano sentimita 4 hadi 5, anasukuma dawa, kisha anabana makalio kwa dakika chache isirudi. Katika ukanda huu wa malaria, njia hiyo imeokoa watoto wengi.

Turudi kwa mzee wetu. Muuguzi anavuta pazia, anawaomba ndugu watoke, abaki mmoja tu kama mzee anamtaka. Hapa pwani stara ni jambo zito. Mgonjwa mwanamume ahudumiwe na mwanamume inapowezekana, na bibi ahudumiwe na mwanamke. «Baba, nakuja na lile bomba alilosema daktari. Utasikia tumbo linajaa. Likianza kukusokota niambie, nitasimamisha.» Mzee akijibu «haya, mwanangu», nusu ya kazi imekwisha, maana mtu aliyekubali hajikazi, na asiyejikaza haumii.

Mpira unatandikwa chini ya makalio. Mzee analazwa ubavu wa kushoto, goti la kulia limekunjwa kuelekea kifuani, amefunikwa kikoi mpaka kiunoni. Ubavu huo una sababu: sehemu ya mwisho ya utumbo mpana imekaa kushoto, na maji yatateremka yenyewe. Joto la maji liwe la mwili au kidogo juu, nyuzi 37 hadi 40. Ya baridi yanasokota, ya moto yanaunguza. Hewa inatolewa kwenye mrija kwanza, ncha inapakwa jeli, mzee anaambiwa avute pumzi ndefu, na mrija unaingia taratibu kuelekea kitovuni, sentimita 7 hadi 10 kwa mtu mzima. Ukigoma, hausukumwi. Utumbo umewahi kutobolewa kwa kulazimisha.

Kopo linainuliwa sentimita 30, hata 45, juu ya nyonga, si zaidi, kwa kuwa kimo hicho ndicho kinachopanga nguvu ya maji. Hapo utamjua muuguzi mzuri: macho yako usoni kwa mgonjwa, mkono uko kwenye kibanio cha mrija. Uso ukikunjamana, anabana na kushusha kopo, anasubiri tumbo litulie, anaendelea. Lita moja ichukue dakika 5 hadi 10. Damu ikitokea, au maumivu makali, au jasho la baridi, anaacha na kumwita daktari. Yakiisha, mzee anajizuia dakika 5 hadi 10 akiweza, na choo cha kitandani kiwe tayari pembeni, kwa sababu wazee huanguka wakikimbilia msalani. Baadaye anapewa maji ya kutawadha, na faili linaandikwa: maji kiasi gani yaliingia, nini kilitoka, rangi gani, mgonjwa alikuwaje.

Mwezi wa Ramadhani unaleta swali lake. Waislamu wengi wa Tanga ni wa madhehebu ya Shafi, na katika fikihi hiyo bomba linabatilisha swaumu. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, lakini ni haki yake aambiwe kabla. Bomba lisilo la dharura linaweza kungoja baada ya futari.

Wajawazito nao nawataja. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, mama akifika kujifungua alinyolewa na kupigwa bomba hata kama halihitaji, kwa imani kwamba linaharakisha uchungu na kuzuia maambukizi. Utafiti haukuonyesha faida hiyo. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani liliweka bomba la kila mzazi kwenye orodha ya mambo ya kuachwa, na mwongozo wake wa 2018 umesema tena kwamba lisitumike kuharakisha uchungu. Mama ana haki ya kuuliza la nini.

Nyumbani nakuomba mambo machache. Usimwingizie mtoto mchanga kipande cha sabuni. Aliyepita wiki za mwanzo na anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikitoka laini, yu salama. Usinunue bomba la «kusafisha tumbo» kwa mtu anayetangaza kutoa sumu. Ini na figo ndizo zenye kazi hiyo. Choo kikiwa kigumu anza na maji ya kunywa, papai, machungwa ya Muheza yaliwe na nyama zake, dona badala ya sembe. Na aliyepigwa bomba akirudi nyumbani kisha tumbo likawa gumu, akapata homa, akatoa damu, au saa zikapita bila chochote kutoka wala upepo, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiongezewe jingine njiani.