Somo la Redio: Mashine Inayogoma Mara Moja Moja

Somo letu la leo ni juu ya ubovu unaokuja na kwenda.

Tuseme karani wa chama cha ushirika anaandika uzito wa kahawa ya wakulima katika kompyuta. Mara kioo kinageuka samawati, au cheusi katika Windows za karibuni, na mashine inajiwasha upya. Kazi ambayo haijahifadhiwa imepotea. Fundi akija, mashine ni nzima. Akiondoka, baada ya wiki ubovu unarudi. Na humo mna hesabu za watu. Tufanyeje?

Kwanza tuelewe maneno. Programu kubwa inayosimamia kazi zote za kompyuta huitwa mfumo endeshi. Windows ni mmojawapo. Diski ni ghala ya maandishi. Kati ya mfumo na diski yupo mjumbe, programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva, yaani dereva. Dereva hupokea amri ya kusoma au kuandika, akaifikisha kwenye diski. Yeye hufanya kazi ndani ya moyo wa mfumo. Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa peke yake. Dereva akikosea, mfumo wote husimama. Husimama kwa makusudi, usije ukaharibu hesabu zaidi.

Basi, kabla ya kutafuta ubovu, nakilini hesabu zote katika diski nyingine, na diski hiyo iwekwe mbali. Mali ya watu haifanyiwi majaribio.

Pili, fungueni daftari. Andikeni tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na maneno au nambari zilizotokea kwenye kioo.

Tatu, tafuteni ushahidi. Windows inaposimama hivi, kwa kawaida huacha faili katika folda C:\Windows\Minidump. Fundi akiisoma, huona ni dereva gani alikuwa kazini. Lakini aliyekutwa penye maiti si lazima awe muuaji. Huenda programu nyingine iliharibu kumbukumbu mapema, naye dereva akajikwaa baadaye. Tena ushahidi huo huandikwa kwenye diski. Ikiwa diski yenyewe haifikiki, faili huenda isipatikane. Na kukosekana kwake nako ni dalili.

Nne, mtegeeni mkosaji. Tangu Windows 2000 kuna chombo kiitwacho Driver Verifier. Humpa dereva kiwanja cha kumbukumbu kilichopakana na ukuta. Akivuka mpaka, hukamatwa papo hapo. Chombo hiki hupunguza kasi ya mashine, na huenda kikaizuia isiwake vizuri. Kwa hiyo ni kazi ya fundi, nakala ikiwa tayari.

Tano, msimlaumu dereva peke yake. Waya uliolegea, umeme usiotulia, joto kali, au diski iliyochakaa huleta ubovu wa namna ile ile. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati. Mkibadilisha waya na dereva siku moja, hamtajua kipi kilichoponya.

Sasa tufike kwenye hesabu, nayo ndiyo kiini cha somo. Tuseme mashine hugoma kwa wastani mara 1 kwa wiki, bila siku maalumu. Fundi amebadilisha waya, na wiki 1 imepita kimya. Je, imepona? Bado hatujui. Hata kama fundi asingegusa kitu, kimya cha wiki 1 kingetokea kama mara 37 katika 100. Lakini kimya cha wiki 3 kingetokea kama mara 5 tu katika 100. Kanuni ni hii: ngojeni mara tatu ya muda wa kawaida baina ya ubovu na ubovu, ndipo mmlipe fundi kwa shukrani. Wazee walisema, kimya kingi kina mshindo.

Zoezi: Mashine hugoma kwa wastani mara 1 kila siku 4. Waya umebadilishwa tarehe 1. Mtangoja mpaka tarehe ngapi? Andikeni jibu, mlijadili na mwalimu wenu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.