Kompyuta Haijawahi Kufika Ruangwa

Swali ni lile lile, liulizwe Nachingwea au Ruangwa: "Mtaalamu, mwanangu asomee radiolojia ya nini wakati kompyuta itasoma picha zote?" Nimelijibu kwa upole mpaka upole umekwisha.

Imani hii ina baba. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili unde, alisema watu waache kufundisha wataalamu wa radiolojia, kwani ndani ya miaka mitano mashine ingewapita. Mitano ikapita. Hinton akapata Nobel ya Fizikia mwaka 2024, na wataalamu hao bado wanatafutwa kwa tochi.

Kosa ni kudhani kusoma picha ni kuona doa. Mwaka 2018 John Zech na wenzake, Marekani, waliichunguza mashine iliyofundishwa kutafuta nimonia kwenye picha za kifua. Wakakuta inatambua, karibu bila kukosea, picha imepigwa hospitali gani. Na kwa kuwa hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, kuijua hospitali tu kuliipandishia alama. Ikipewa picha za hospitali ngeni, mara nyingi alama zilishuka. Huyo ni mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana.

Sasa mlete huku. Mchimbaji wa Ruangwa aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi anaweza kupata silikosisi, inayoacha makovu sehemu ya juu ya mapafu, palepale kifua kikuu kinapopenda kukaa. Tena silikosisi humwongezea hatari ya kifua kikuu chenyewe. Programu ya kusoma picha itatoa namba, tuseme 0 hadi 100, basi. Nani ataamua kuwa kipimo cha makohozi kianzie 50 na si 60? Ukishusha, vitendanishi vinaisha maabara. Ukipandisha, wagonjwa wanarudi nyumbani na kikohozi chao. Uamuzi huo unamtaka mtu anayeijua hesabu na anayewajua wachimbaji.

Shirika la Afya Duniani lilizikubali programu za kuchunguza kifua kikuu mwaka 2021, kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Watoto hawamo. Kwa hiyo babu anayeinua eksirei ya mjukuu dirishani, akaipiga picha kwa simu na kuiuliza programu ya mazungumzo, ambayo hata si mojawapo ya hizo, anauliza ukuta.

Mwanao anaitaka kazi hii ya kuamua namba za programu? Hesabu asiikimbie, awe PCM au PCB. Aingilie udaktari, uhandisi wa vifaa tiba, takwimu au kompyuta. MUHAS, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nelson Mandela Arusha waulizwe. Python ni bure. Picha zaidi ya 112,000 za kifua zilitolewa bure Marekani mwaka 2017. Ajifunzie hizo, asichukue za wagonjwa wa wilaya kwa simu yake, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Cheti cha wiki mbili cha akili unde msikilipie.

Na mwenye kikohozi cha wiki mbili aende kituo cha afya akapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure.