Utoto Ndani ya Uzio: Utangulizi wa Kumbukumbu za Walowezi wa Zimbabwe

Huu ni uwanja ambao wengi huuingia kwa kusitasita. Mwanafunzi wa Kiafrika akiambiwa atasoma kumbukumbu za watoto wa walowezi, huuliza kwanza: kwa nini niwasikilize hawa, na waliopokonywa ardhi hata hawajamaliza kusema? Swali hilo ni la haki. Usiliache mlangoni, ingia nalo, maana kazi bora za uwanja huu zimefanywa na waliolibeba hadi ukurasa wa mwisho.

Bila ardhi hapana mlowezi wala vita. Sheria ya Ugawaji wa Ardhi ya mwaka 1930 iliwatengea Wazungu wa Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, takriban nusu ya nchi, tena kwenye udongo na mvua nzuri, ilhali wao hawakufika hata asilimia kumi ya watu. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kutoka Uingereza ili kuzuia utawala wa walio wengi. Desemba 1972 wapiganaji wa ukombozi wa ZANLA walishambulia shamba la Altena, wilayani Centenary, na tangu hapo vita vikahamia kwenye mashamba ya walowezi. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, mpaka wote wa mashariki ukawa njia ya wapiganaji. Makubaliano ya Lancaster House yalifikiwa Desemba 1979, na Aprili 18, 1980 Zimbabwe ikawa huru. Zaidi ya watu 20,000 walikuwa wamekufa, wengi wao sana Waafrika.

Humo ndimo walimokulia watoto tunaowasoma. Alexandra Fuller, aliyezaliwa mwaka 1969, aliishi na wazazi wake katika shamba la Burma Valley, karibu na mpaka wa Msumbiji. Kitabu chake, Don't Let's Go to the Dogs Tonight, kilitoka mwaka 2001. Anaanza na onyo la mama: usinyemelee chumbani kwetu usiku. Wazazi walilala na bunduki zenye risasi, na mtoto aliyeota ndoto mbaya angeweza kupigwa risasi na baba yake mwenyewe. Watoto waliozidi miaka mitano walifundishwa kujaza risasi kwenye magazini, kufungua bunduki na kuisafisha. Redio ya tahadhari iliunganisha shamba na shamba na polisi. Ukiyasoma hayo polepole utaona jinsi dola ilivyoingia hadi chini ya mto wa kulalia, na jinsi mtoto alivyojua hofu kabla hajajua chanzo chake.

Ninamheshimu Fuller kwa jambo moja hasa: hakuwasafisha wazazi wake. Ubaguzi wao ameuacha vinywani mwao kama alivyousikia. Lakini katika watoto watano wa familia ile watatu walikufa, na msiba huo humvuta msomaji akaipenda nyumba hiyo mpaka akasahau kutazama jikoni. Tazama jikoni. Nani anapika? Yaya anarudi wapi jioni, na watoto wake mwenyewe wanalindwa na nani? Mara nyingi mtoto msimulizi hajui, na kutojua kwake ni ushahidi wa namna alivyolelewa. Uandike kwenye daftari lako kama unavyoandika tarehe.

Peter Godwin anatupa kitu kingine. Katika Mukiwa (1996) anakumbuka kuuawa kwa jirani yao Mzungu mwaka 1964, yeye akiwa na miaka sita, huko Chimanimani ambako mama yake alikuwa daktari. Alikua akisema Kishona, na yaya alimchukua kwenda naye kwenye ibada za kanisa lake. Kisha akaandikishwa kwa lazima, akapigana vita hivyo upande wa serikali akiwa polisi. Miaka ya themanini, sasa mwandishi wa habari, aliripoti mauaji ya raia katika eneo la Matabeleland. Kwa hiyo mtoto wa kitabuni anatazamwa na mtu mzima aliyebeba bunduki na baadaye akabeba kalamu, na sauti hizo mbili hazipatani kila mara.

Ndiyo maana nakusihi uweke akilini nyakati tatu: mtoto aliona lini, mtu mzima aliandika lini, kitabu kilitoka lini. Mashamba ya Wazungu yalianza kutwaliwa kwa nguvu mwaka 2000. Kwa hiyo kitabu cha Fuller cha mwaka 2001 hakingeweza kusomwa London kama kumbukumbu tu. Kilisomwa pia kama dai la kuwa mwenyeji. Rory Pilossof, katika utafiti wake wa mwaka 2012 kuhusu sauti za wakulima wa Kizungu, ni mwongozo mzuri hapa.

Nje ya uzio kulikuwa na watoto wengine. Walioitwa mujibha na chimbwido, wavulana na wasichana wa vijijini, walibeba ujumbe, chakula na habari za wanajeshi kwa wapiganaji, na kukesha kwenye mikutano ya usiku iliyoitwa pungwe. Wengine walihamishiwa pamoja na wazazi wao kwenye vijiji vya ulinzi vilivyozungushiwa waya. Tsitsi Dangarembga, katika riwaya yake The Book of Not (2006), anaanza na msichana anayekatwa mguu na bomu la ardhini. Huyo ni mdogo wake mhusika mkuu, na mhusika mkuu mwenyewe hurudi shuleni kusoma pamoja na wasichana wa Kizungu. Msome Dangarembga sambamba na Fuller, sura kwa sura. Na usidhani upande huu nao hauna maumivu yaliyofichwa: Norma Kriger (1992) aliwahoji wakulima wa vijijini waliosimulia kulazimishwa na wapiganaji wenyewe.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna deni katika uwanja huu. ZANLA walifanya mazoezi Mgagao, mkoani Iringa, hapa Tanzania; wapigania uhuru wa nchi kadhaa za kusini walikuwa na kambi Kongwa. Waliokuwa watoto katika vijiji vya jirani leo ni wazee. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti na subira aende akawahoji sasa, wangali hai.