Roshani ya mbao: itengeneze kabla ya kuuza nyumba, lakini usifiche ubovu

Marehemu mama alituachia nyumba hapa Mji wa Kale, Mombasa. Sisi ndugu wanne tukakubaliana kuiuza ili kila mmoja apate fungu lake. Dalali wa kwanza hata ndani hakuingia. Alisimama njiani, akaitazama roshani, akasema, "Hii ni ya kubomoa." Bei aliyotaja ilikuwa chini ya matarajio yetu kwa laki sita.

Kaka yangu mkubwa akataka tuing'oe tuweke ya vyuma, kwa shilingi 140,000. Mimi nikaomba wiki tatu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuwa mbao iliyogeuka rangi ya kijivu si lazima iwe imeoza. Jua na upepo wa chumvi hula ngozi ya juu tu. Msaji na mvule, ndani huwa bado ni imara. Chukua bisibisi uidunge mbao. Ikigota, ni nzima. Ikizama kama kwenye boga bichi lililopikwa, imeoza. Dunga hasa pale mbao inapoingia ukutani na popote maji yanapotuama. Roshani yetu iliyohukumiwa kubomolewa ilikuwa na vijiti vitano vibovu vya ukingo, mbao mbili za sakafu, na mhimili mmoja. Huo mhimili nitaurudia.

La pili ni ruhusa. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, na ofisi inayosimamia iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kabla ya kugusa sura ya nje ya nyumba, nenda ukaulize. Kung'oa roshani ya mbao na kuweka vyuma kungetuletea kesi, na mnunuzi angekimbia.

Kazi yenyewe ifanye wakati wa kaskazi, mvua zikiwa mbali. Sisi tuliosha kwa maji baridi ya sabuni na brashi ngumu, tukaiacha ikauke siku tatu. Misumari yenye kutu tuliitoa, tukatia skrubu za shaba. Palipooza fundi alikata mpaka kwenye mbao nzima, akatia kiraka cha msaji mkuukuu tulionunua kwa wauza mbao za nyumba zilizobomolewa.

Kisha msasa: namba 60, halafu 120, mwisho 180, daima kwa kufuata mishipa ya mbao. Penye rangi ya zamani, lowesha kwanza, funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi.

Mwisho tulipaka mafuta ya linseed. Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini ili yaingie ndani. Baada ya nusu saa futa yaliyobaki juu. Mikono miwili inayofuata ni mafuta matupu, kila mmoja ukauke kabisa kwanza. Matambara yenye mafuta hayo usiyarundike; yanaweza kushika moto yenyewe. Yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Vanishi tuliiacha. Hung'ara upesi, lakini jua la kwetu huipasua, maji yakapenya chini yake, na kuikwangua ni kazi upya.

Gharama: fundi siku sita 9,000, msaidizi siku nne 3,200, mbao 4,800, mafuta na tapentaini 4,400, skrubu 1,800, msasa 1,500, gundi 600. Jumla shilingi 25,300.

Sasa ule mhimili. Ni mmoja wa mbao nene zinazotoka ukutani na kubeba roshani nzima. Kuubadilisha kulihitaji kufungua ukuta, na fundi alikadiria 30,000 ambazo hatukuwa nazo. Kaka akasema tuuzibe kwa gundi na unga wa mbao, tupake mafuta. "Mnunuzi hatapanda ngazi kuchungulia."

Nikamwambia, "Na siku ikimwangukia mtoto wa watu akipita kwenda chuoni?"

Tulizozana siku mbili. Mwisho tuliuegemeza kwa nguzo kutoka chini, tukamwonyesha kila aliyekuja kuangalia nyumba, na tukasema tutapunguza 30,000 kwenye bei. Wawili waliondoka. Wa tatu alipanda mwenyewe na bisibisi yetu, akadunga kila mahali, akashuka na kusema, "Kama hili mmelisema, basi na mengine nitawaamini." Katika zile laki sita tulizokatwa, tulirudishiwa tano.

Ukiwa na roshani ya mbao, uiuze nyumba au uishi humo, ipake mafuta mkono mmoja kila mwaka kabla ya masika. Na dalali akikwambia ni ya kubomoa, mpe bisibisi apande akaidunge.