Homa Bay, Undertaker bado hajashindwa

Ukisikia kengele nzito ikilia mara moja, taa zikazimika, na moyo wako ukaruka kidogo, basi mimi na wewe tulilelewa mahali pamoja. Haijalishi kama ni Kayole, Kondele au Oruba. Uliingia kwa video, ukalipa mbao yako mlangoni, ukakaa benchi ya mbele kwa sababu ulikuwa mfupi, ukanyamaza kama uko kanisani ukimngoja Undertaker atembee polepole hadi ulingoni.

Video yetu ilikuwa ya mabati, Migori mjini, si mbali na soko. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Ndani kulikuwa na televisheni moja ya kisogo kikubwa, joto la kuchemsha mtu, na harufu ya mahindi choma iliyochanganyika na ya soksi. Stima ikipotea refa akiwa amefika mbili, hakuna mtu aliyetoka. Ukitoka utalipa tena. Tulikaa gizani tukibishana kama angeinuka au la, mpaka irudi.

Watoto wa siku hizi hupata matokeo kwa simu kabla hata mtu hajatoka ulingoni. Sisi tuliishi nyuma ya wakati, na hatukujua. CD moja ilikuwa na Hulk Hogan akimwinua Andre the Giant mwaka wa 1987, halafu bila onyo unaruka kwa Rey Mysterio. Kwetu hao wote walikuwa wanapigana wiki hiyohiyo. Nilimshangilia Eddie Guerrero mwaka mzima wa 2008. Nilipenda alivyodanganya refa, alivyojilaza chini akijifanya amepigwa na kiti. Eddie alikuwa amefariki Novemba 13, 2005, katika chumba cha hoteli kule Minneapolis. Miaka mitatu mtu amelala kaburini, na huku Migori anashinda mechi kila Jumamosi. Nilipojua nililia, na mathe akadhani nimepigwa shuleni.

Halafu kulikuwa na binamu yangu.

Yeye ni wa Homa Bay, mkubwa kwangu kwa miaka saba. Likizo zingine alikuja kwetu, zingine mimi nilipanda matatu, nikapitia Rongo, nikashuka Homa Bay na kumfuata hadi video ya kwao, ambayo ukisimama mlangoni uliona Got Asego upande mmoja na ziwa upande mwingine. Kwa filamu, nchi nzima ilikuwa na DJ Afro. Kwa mieleka, sisi tulikuwa na binamu yangu. Alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akitafsiri. Kizungu chake kilikuwa kama changu cha darasa la nne, kwa hivyo sehemu kubwa alitunga.

Na alitunga vizuri, buda! Kulingana naye, Undertaker alikuwa na damu ya Kanyamwa, ukoo wa Gor Mahia. Si timu, namaanisha Gor Mahia mwenyewe, mganga na mtawala wa huko Ndhiwa ambaye wazee husema angeweza kujigeuza chochote. Ukimfuata ni mzee, ukimshika ni mtoto. Sasa mwangalie Undertaker amelala chini, macho yamefungwa, kila mtu anasema kwisha habari yake, halafu anaketi wima ghafla. "Mnaona?" binamu anauliza. "Hiyo ni ya nyumbani." Nani angebisha? Kila shule ilikuwa na mtoto aliyeapa kwamba Undertaker amekufa mara saba.

Kamala ndiye alituletea shida. Unamkumbuka? Jamaa mkubwa, miguu mitupu, uso umechorwa rangi, tumbo lina nyota, anaingia na mkuki. Mtangazaji anasema ni jitu kutoka Uganda. Uganda! Hapo tu ng'ambo ya ziwa! Binamu aliapa kwamba wavuvi wa Mbita walikuwa wamemwona akinunua omena. Tulimshangilia kama mjomba. Alipopigana na Undertaker katika pambano la jeneza la Novemba 1992, ukumbi uligawanyika kama siku ya uchaguzi.

Nilipokua nikasoma. Kamala aliitwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, dereva wa lori kabla ya mieleka. Mapromota wa Memphis ndio walimvisha hiyo Uganda mwaka wa 1982. Walimfundisha kutozungumza, na kusahau namna ya kumlaza mpinzani ili ahesabiwe, eti mtu wa msituni hajui sheria. Sisi tulikuwa tunapiga makofi kwa picha yetu iliyochorwa na watu wasiotujua. Lakini siwezi kumchukia. Kisukari kilimnyang'anya miguu yote miwili, na akafariki Agosti 2020. Siku hiyo nilimtumia binamu ujumbe: "Mjomba ameenda." Hakujibu. Wakati huo tulikuwa hatuongei vizuri, na kosa lilikuwa langu.

Turudi 2014. Nilikuwa kidato cha pili na nilijiona mjanja, maana nilikuwa nimegundua cyber. Unajua ile rekodi: tangu 1991 Undertaker alikuwa amepigana WrestleMania mara 21 na kushinda zote 21. Aprili 6, ndani ya Superdome, New Orleans, mbele ya watu zaidi ya 75,000, Brock Lesnar akammaliza. Nilisoma habari hiyo kwa kompyuta ya cyber, shilingi moja kwa dakika, na nikatembea nayo miezi minne kama mtu aliyebeba barua ya msiba.

Agosti nikaenda Homa Bay, na CD ilikuwa imefika. Ukumbi ulijaa watoto. Binamu alikuwa katika siku yake bora kabisa, kijiti hewani, anawaambia Lesnar ni fahali tu, na fahali huchinjwa. Sijui nini kiliniingia. Labda nilichoka kuwa mdogo wake. Nikasimama nikasema, kwa sauti, kwamba Undertaker atashindwa, kwamba yote ni maigizo, na kwamba kampuni yenyewe ilikiri mbele ya maseneta wa New Jersey mwaka wa 1989 kuwa hii ni burudani, si mashindano, ili isisimamiwe kama ndondi.

Hakuna aliyenijibu. Waligeuka tu kumtazama yeye.

Alishusha kijiti. Mechi ikaendelea bila tafsiri. Lesnar akamrusha kwa F5 ya tatu, refa akahesabu, moja, mbili, tatu, na 21-1 ikatokea kwenye skrini. Watu wa New Orleans walikuwa wamefungua midomo. Wa Homa Bay hali kadhalika. Mtoto mmoja akaanza kulia. Ndipo binamu akasema, polepole, kwamba hata Lwanda Magere alikuwa na mwili wa jiwe, mkuki haukuingia, hadi mke wake alipojua siri iko kwenye kivuli. "Kuna mtu aliuza kivuli," akasema, bila kuniangalia. Akatoka nje. Sikumwona tena na kijiti.

Sasa nikueleze kwa nini nayaandika haya. Undertaker alistaafu 2020. Jina lake ni Mark Calaway, wa Texas, na siku hizi ana podikasti ambako anacheka na kupiga stori kama mzee wa kilabuni. Sijaweza kuisikiliza zaidi ya dakika tano. Na Desemba 13, 2025, John Cena naye alipigana mechi yake ya mwisho, akabanwa shingo na Gunther mpaka akagonga mkono kukubali. Cena, ambaye alitufundisha kutokubali! Nilitafuta mtu wa kumpigia, nikapata ni mmoja tu.

Alishika simu. Anauza samaki karibu na gati, ana mtoto wa miaka minane. Tukaongea kuhusu Cena, halafu nikaomba msamaha wa 2014, kwa mzunguko, kama tunavyofanya sisi wanaume.

"Omera," akasema, "unadhani sikujua ni maigizo? Nilijua kabla yako. Nani anapigwa na ngazi halafu wiki ijayo amerudi?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Walikuwa wamelipa mbao."

Nyuma yake nikasikia ile kengele. Mtoto alikuwa anatazama mechi za zamani kwa simu nyingine, na baba mtu anamtafsiria huku anaongea nami. Kanyamwa ilikuwepo. Gor Mahia alikuwepo. Kisha nikasikia mtoto akiuliza kama huyu Undertaker amewahi kushindwa WrestleMania.

"Bado," binamu akamjibu. Halafu akasogeza simu karibu na mdomo, akaniambia kwa sauti ya chini: "Na wewe, nyamaza."