Shanta la Mwindaji: Mzigo Mwepesi Asubuhi, Mzigo Mzito Jioni

Mwindaji aendaye kwa miguu katika milima ya magharibi ya Amerika Kaskazini huwa na safari mbili katika siku moja. Ya kwanza ni ya alfajiri. Hapo hubeba maji, kisu, koti, chakula kidogo na kamba, vitu ambavyo jumla yake haizidi kilo chache. Hutaka shanta jembamba lisilonasa matawi wala kupiga kelele, kwani mnyama anayewindwa ana masikio makali kuliko yake. Safari ya pili huanza pale mnyama aangukapo, nayo aghalabu ndiyo huamua kama siku ile itakumbukwa kwa furaha au kwa maumivu ya mgongo.

Mnyama mwenyewe si mdogo. Dume la wapiti, mnyama wa jamii ya ayala apatikanaye katika majimbo kama Colorado na Montana, laweza kuwa na uzito wa kilo 300 na zaidi. Baada ya kuondoa ngozi, matumbo, kichwa na mifupa, kubaki na kilo 90 za nyama tupu si jambo la ajabu. Magari hayaruhusiwi kuingia katika sehemu nyingi za misitu hiyo, kwa kuwa Sheria ya Nyika iliyopitishwa nchini Marekani mwaka 1964 ilipiga marufuku vyombo vya injini katika maeneo yaliyotengwa. Asiye na farasi wala nyumbu hana budi kutumia mgongo wake. Wala hawezi kuchukua pembe na kuacha minofu. Huko Alaska, kwa mfano, kuacha nyama ifaayo kuliwa ni kosa la jinai, na kwa kawaida pembe haziruhusiwi kutangulia kutoka porini kabla ya nyama kutolewa.

Hapa ndipo swali la shanta linapokuwa swali la kisayansi. Je, chombo kimoja chaweza kufaa kwa safari zote mbili?

Hebu ichukuliwe kwamba nyama ni kilo 90 na njia ina urefu wa kilomita 5. Mwindaji awezaye kubeba kilo 18 tu kwa mara moja atakwenda mara tano akiwa na mzigo na kurudi mara nne mikono mitupu, yaani kilomita 45. Awezaye kubeba kilo 30 atatembea kilomita 25. Awezaye kubeba kilo 45 atatembea kilomita 15 tu. Mwaka 1977 watafiti Pandolf, Givoni na Goldman, waliokuwa wakilichunguzia jeshi la Marekani, walichapisha fomula ya kukadiria nishati itumiwayo na mtu atembeaye na mzigo. Fomula hiyo ikitumiwa kwa mtu wa kilo 75, aendaye mwendo wa mita moja kwa sekunde katika tambarare yenye vichaka vyepesi, majibu huwa takriban kilokalori 2,900 kwa mizigo ya kilo 18, 1,800 kwa mizigo ya kilo 30, na 1,300 kwa mizigo ya kilo 45.

Matokeo hayo yaweza kumshangaza msomaji, maana akili ya kawaida husema kwamba mizigo midogo ndiyo iliyo rahisi. Ni kweli kwamba kila hatua yenye kilo 45 hula nishati nyingi kuliko hatua yenye kilo 18. Lakini mwindaji hujibeba pia yeye mwenyewe, na kila safari ya kurudi humgharimu ingawa hakubeba kitu. Zaidi ya hayo, nyama iliyobaki porini huendelea kungoja, nayo joto, nzi na dubu havingoji. Kwa hiyo, kwa upande wa nishati, mzigo mzito una faida. Kikomo hutokea kwingine, katika viungo: magoti, pingili za uti wa mgongo, mabega, na uwezo wa mtu kusimama bila kuanguka mtelemkoni. Kazi ya shanta zuri ni kukisogeza kikomo hicho mbele kidogo. Haliwezi kukiondoa.

Mtu asimamapo wima, kitovu chake cha uzito huwa juu ya nyayo. Apachikwapo mzigo mgongoni, kitovu cha jumla cha mtu na mzigo husogea nyuma. Mtu wa kilo 70 akibeba kilo 30 ambazo kitovu chake kiko sentimita 20 nyuma ya mstari wa mwili wake, kitovu cha jumla husogea nyuma sentimita 6. Mzigo ule ule ukining'inia sentimita 35 nyuma, kitovu husogea sentimita 10 na nusu. Kifundo cha mguu kiko karibu sana na kisigino, hivyo umbali kama huo unatosha kumwangusha mtu chali. Kwa kuwa hataki kuanguka, huinama mbele, na kadiri anavyoinama ndivyo misuli ya mgongo inavyolazimika kukishikilia kiwiliwili kisiporomoke. Kwa lugha ya wenzo, mzigo wa nyutoni 300 ulio sentimita 20 kutoka kwenye egemeo una momenti ya nyutoni-mita 60. Ukiwa sentimita 35, momenti hufikia 105. Uzito haukuongezeka hata gramu moja, ila umbali tu.

Kina mama wa Afrika Mashariki hulijua jambo hili bila fomula. Mtoto afungwaye kwa mbeleko hukazwa kabisa mgongoni, na mbeleko ikilegea, mama husimama akaifunga upya.

Kasoro ya shanta la kawaida la siku moja imo hapo hapo. Ni mfuko wa kitambaa wenye mikanda miwili. Likitiwa kilo 5 halina neno, lakini likitiwa kilo 30 za nyama hulegea, hutuna kwa nyuma kama tumbo la chura, na uzito wote huning'inia mabegani. Chini ya mabega hupita mishipa mikubwa ya fahamu iendayo mikononi. Madaktari wa majeshi wameeleza tangu zamani juu ya askari waliopatwa na ganzi na udhaifu wa mikono baada ya kubeba mashanta mazito, na dawa iliyoonekana kufaa zaidi ni kiunzi pamoja na mshipi wa kiunoni.

Kiunzi si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, uligunduliwa mwili wa mtu aliyekufa miaka 5,300 hivi iliyopita. Miongoni mwa vitu vyake kulikuwa na fito ya mti iliyopindwa mfano wa herufi U pamoja na vipande viwili vya mbao, vitu ambavyo wataalamu wengi wanaviona kuwa mabaki ya kiunzi cha kubebea mizigo. Mtu huyo alikuwa na upinde na mishale, na tumboni mwake kulikutwa nyama ya wanyama pori. Huko Norway, Ole Bergan alipata hataza ya shanta lenye kiunzi mwaka 1909, na husimuliwa kuwa wazo lilimjia akiwa katika kuwinda sungura, alipopinda tawi la mti kufuata umbo la mgongo wake. Katika miaka ya 1920 Lloyd Nelson wa jimbo la Washington, ambaye alikuwa ameona vyombo vya wenyeji wa Alaska, alianza kuuza shanta la kiunzi cha mbao lililopendwa sana na wawindaji na watu wa misitu. Kisha mwaka 1952, huko California, Dick Kelty alianza kutengeneza viunzi vya alumini vyenye mshipi wa kiunoni.

Mshipi huo ndio uliobadili mambo. Kiunzi kigumu hufanya kazi ya nguzo: huupokea uzito juu na kuushusha hadi kwenye fupanyonga, mfupa mpana uliokwishazoea kubeba nusu ya juu ya mwili. Wachuuzi hupenda kusema kwamba mshipi hubeba karibu mzigo wote. Maneno hayo yasichukuliwe kama yalivyo. Uchunguzi wa LaFiandra na Harman uliochapishwa mwaka 2004 ulipima kani hizo kwa watu waliokuwa wakitembea, ukaona kwamba karibu asilimia 30 tu ya kani ya wima ilipokewa na sehemu ya chini ya mgongo, nyingine ikabaki juu. Hata hivyo, kupunguziwa asilimia 30 ya kilo 40 ni kutuliwa kilo 12 kutoka mabegani, na mtu aliyekwisha kupanda mlima atakubali kwamba hilo si jambo dogo.

Sasa turudi kwenye swali la chombo kimoja. Wabunifu wa mashanta ya kuwindia walilijibu kwa kutenganisha mfuko na kiunzi. Asubuhi mfuko mdogo huwa umebanwa kwenye kiunzi kwa vijikanda, mwembamba kama mkoba wa mwanafunzi. Jioni vijikanda hulegezwa, mfuko husogezwa nyuma, na nyama huwekwa katikati, baina ya mfuko na kiunzi, juu ya kipande cha kitambaa kigumu kinachoizuia isiteremke. Kisha vijikanda hukazwa tena. Kwa mpango huo kilicho kizito zaidi hukaa karibu kabisa na mgongo, na vitu vyepesi huenda nje. Ni hesabu ile ile ya sentimita 20 na 35, iliyogeuzwa kitambaa na vifungo.

Gharama yake ni uzito wa kiunzi chenyewe, ambacho hubebwa tangu alfajiri hata kama siku itakwisha bila windo. Alumini na nyuzi za kaboni zimeupunguza uzito huo, lakini mwindaji wa sungura au ndege hana sababu ya kuubeba. Anayetafuta mnyama mkubwa mbali na barabara ndiye anayeuhitaji.

Katika kuchagua, watu wengi huuliza kwanza juu ya lita, yaani ujazo wa mfuko. Swali hilo ni la pili. La kwanza ni urefu wa mgongo, upimwao kutoka kwenye kifupa kijitokezacho chini ya shingo hadi usawa wa kilele cha nyonga. Kiunzi kifupi mno huuacha mshipi ukae tumboni, ambako hakuna mfupa wa kuupokea mzigo. Inafaa pia kiunzi kipande juu kidogo ya mabega, ili vijikanda vya juu viweze kuuvuta mzigo mbele. Na shanta lisijaribiwe likiwa tupu. Duka lenye busara huwa na mifuko ya mchanga ya kilo 20 au 30, na mnunuzi mwenye busara hupanda nayo ngazi.

Nyama nayo ina tabia zake. Minofu isiyo na mfupa hutiririka kama unga mbichi, ikajikusanya chini ya mfuko na kuuvuta mgongo. Hufungwa katika mifuko ya kitambaa kinachopitisha hewa, ikakazwa sana na kuwekwa juu, karibu na usawa wa katikati ya mabega. Paja lenye mfupa wake hukaa imara zaidi, ila mwindaji hulipa kwa kubeba mfupa usioliwa. Plastiki haifai kwa safari ndefu: huzuia joto na unyevu kutoka, na nyama ya mnyama mkubwa aliyeuawa punde huwa na joto jingi ndani yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataweza kuuliza, je, kwa nini mzigo usiwekwe kichwani? Swali hilo liliwahi kupimwa Nairobi. Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi juu ya wanawake wa Kijaluo, waliobeba kichwani, na wa Kikuyu, waliobeba mgongoni kwa ukanda upitao kichwani. Makundi yote mawili yaliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nishati ya ziada iliyoweza kupimwa. Baadaye, mwaka 1995, ilionekana kwamba siri ilikuwa katika mwendo: mwili wao ulibembea juu ya mguu kama timazi iliyopinduliwa, ukipoteza nishati kidogo zaidi katika kila hatua. Lakini uchunguzi wa wanawake wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2010 haukuona faida ya jumla ya kichwa juu ya mgongo, bali tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Yamkini mazoea ya tangu utotoni yana sehemu yake. Mwindaji apitaye chini ya matawi, katika mtelemko wa mawe na akiwa na bunduki mkononi, hana nafasi ya kujifunza ustadi huo jioni moja.

Jambo la umbali wa mzigo laweza kuonyeshwa darasani kwa vifaa vichache. Mwanafunzi asimame kwa ubavu kando ya timazi iliyotundikwa kwenye dari, kifundo cha mguu wake kikiwa usawa wa uzi. Avae mkoba wenye kilo 10 za mchanga zilizobanwa mgongoni, na mwenzake aweke alama ya nafasi ya sikio lake. Kisha mchanga ule ule ulegezwe, uning'inie sentimita 15 nyuma zaidi, na alama iwekwe tena. Kwa mwanafunzi wa kilo 50, hesabu inaonyesha kwamba kusogeza mzigo kutoka sentimita 15 hadi 30 hukisogeza kitovu cha jumla kutoka sentimita 2.5 hadi 5. Darasa likadirie kwanza sikio litasogea kiasi gani, ndipo lipime.