Karaoke na mnyororo wa majina ya nyimbo

KARAOKE, burudani iliyoanzia Japani miaka ya 1970, humtaka mwimbaji achague wimbo unaolingana na sauti yake. Wajapani wana pia mchezo uitwao shiritori: silabi ya mwisho ya neno moja huanzisha neno linalofuata, na atajaye neno linaloishia na "n" hushindwa.

Michezo hiyo yaweza kuunganishwa kwa kutumia majina ya nyimbo. Kiswahili kinafaa mno, kwani silabi zake karibu zote huishia na irabu. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms hufuatiwa na "Nana" wa Diamond Platnumz (2015), kisha "Nani Kama Mama" wa Christian Bella na Ommy Dimpoz, "Malaika" uliovumishwa na Fadhili William na Miriam Makeba, halafu "Kamwambie" na "Eneka" (2017), zote za Diamond.

Asiye mzoefu aanze na "Jambo Bwana", ambao wengi humwitikia. "Malaika" ni wa taratibu, lakini hudai pumzi ndefu.

Mchezo huu hauhitaji mashine. Hata Mbalibali, mkoani Mara, unawezekana barazani. Babu hutaja "Malaika", mjukuu akajibu "Kamwambie". Akikosekana mmoja wao, mnyororo hukatika.